Kilomita Tatu kwa Mujibu wa Satelaiti

Miaka ile kila aliyefukuzwa kazi alifungua kampuni. Bosi wangu wa zamani alifungua ya utalii.

Tulikuwa tumefanya kazi wote katika kiwanda kimoja cha umma pale Morogoro, yeye afisa ugavi, mimi mpiga chapa. Akaja mwekezaji. Alizunguka na miwani ya jua ndani ya karakana zenye giza, akapiga picha mashine, akatushika mikono, akasema ana mipango mikubwa. Mpango wa kwanza ulikuwa kufunga geti. Tukaambiwa tumepunguzwa. Ni neno zuri hilo. Utadhani tulikuwa nywele.

Wenzetu wengine walikwenda kulima mboga, wengine wakauza mitumba. Bosi akapanga chumba juu ya duka la vipuri, akatundika ramani ya dunia ukutani, akachapisha kadi zilizosema yeye ni Mkurugenzi Mtendaji. Mimi alinipa cheo cha Meneja wa Mawasiliano, kwa kuwa nilikuwa na taipu yangu mwenyewe. Wafanyakazi wengine hawakuwepo. Kwa hiyo katika ofisi yetu kila aliyeingia alikutana na uongozi wa juu.

Miezi ya mwanzo tuliongoza kampuni vizuri sana, maana hapakuwa na mteja wa kutuvuruga. Kisha akatokea mtafiti mmoja wa Kizungu aliyekuja kutazama vyura wa Uluguru. Bosi alimtafutia gari, akamsindikiza, akamkalia karibu kama shemeji, na siku ya kuondoka yule mtafiti akamwachia kifaa chake cha GPS kama shukrani. Kilikuwa na ukubwa wa kipande cha sabuni ya mche, kioo cha kijivu, na mkanda wa kuvaa shingoni. Bosi alikivaa siku hiyo na sikumbuki kumwona tena bila hicho. Alikwenda nacho kanisani. Alikwenda nacho harusini. Akiwa baa alikuwa akikitoa nje ya mlango, anakiinua juu, anasubiri, kisha anarudi kututangazia mahali tulipo kwa nyuzi na dakika.

"Hapa tulipo," akaanza siku moja, "kwa mujibu wa satelaiti..."

"Hapa tulipo ni baa," mhudumu akamwambia. "Na unaziba njia."

Kifaa kile ndicho kilichozaa wazo la njia ya watalii. Bosi alikuwa amehudhuria warsha moja kuhusu utalii wa asili, akarudi na mkoba wa kitambaa na imani kwamba Mzungu hawezi kupanda mlima ambao hakuelezwa urefu wake. "Sisi tutakuwa wa kwanza," akasema, "kuwa na njia iliyopimwa kisayansi." Akaniuliza kama najua mahali penye maporomoko ya maji ambayo hayajavamiwa na kampuni nyingine. Kampuni nyingine haikuwepo, lakini mkurugenzi lazima awe na washindani.

Nilimtajia mjomba wangu. Mjomba aliishi kwenye kitongoji kilichoning'inia juu ya Kinole, na juu zaidi ya kwake kulikuwa na maporomoko tuliyokuwa tukiogea utotoni. Naomba ieleweke kwamba kwetu Waluguru ukoo hupitia kwa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Baba yangu naye alikuwa na maoni, lakini maoni ya baba kwetu ni kama taarifa ya habari: unayasikiliza kwa heshima, kisha unakwenda kumuuliza mjomba.

Mjomba aliposikia habari za watalii alikubali kabla sentensi haijaisha. Alikuwa mtu wa kofia safi na maneno mengi, mkulima wa ndizi na mdalasini, na katika akili yake Wazungu walikwisha kupanga foleni uani kwake wakinunua chai.

"Ni mbali kiasi gani kutoka Kinole mpaka maporomoko, mzee?" bosi akamuuliza.

"Aa, hapo tu."

"Hapo tu ni wapi?"

"Si mbali. Ukiondoka, unafika."

Nisiwaonee watu wa mashine peke yao. Mtu wa milimani ukimuuliza umbali, hakujibu kwa umbali. Anakujibu kwa huruma. Anakutazama viatu, anakutazama kitambi, anakadiria ni ukweli kiasi gani unaweza kuuvumilia. "Hapo tu" ya mjomba iliwahi kunigharimu kucha mbili za miguu. Kwa hiyo, kusema kweli, bosi alipogonga kile kifaa kifuani na kusema hiki ndicho kitakachotuambia, nilifurahi kidogo.

Siku ya kupima tulifika Kinole asubuhi kwa pikapu iliyokuwa inashuka na kurudi na machungwa. Bosi alisimama katikati ya njia, akakiinua kifaa, akageuka polepole upande huu na upande ule kama mtu anayetafuta stesheni ya redio. Kilikuwa kinatafuta satelaiti. Tulisubiri. Watu wakakusanyika. Bibi mmoja mwenye tenga la mananasi alisimama kando yangu. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, akaninong'oneza:

"Mwanangu, huyo mwenzio anaita mvua?"

"Hapana, bibi. Anapima njia."

"Njia si ile pale?"

Satelaiti zilipopatikana tukaanza kupanda. Njia ile ni ya konakona. Haiendi mbele, inakwenda kushoto, kisha inajuta na kurudi kulia, hatua chache juu ya ilipokuwa. Miti ilipofunga juu yetu, kifaa kikatoa mlio mdogo wa kukata tamaa.

"Kimepoteza mawasiliano," akasema bosi, na kukizima.

"Mbona unazima?"

"Betri. Hizi betri za siku hizi ni makaratasi."

Hapo alisema kweli. Milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa, na kupitia milango hiyo zilikuwa zimeingia betri za rangi zote zilizokufa kabla ya kufika nyumbani. Kwa hiyo tukapanda kwa utaratibu huu: kwenye msitu kifaa kimezimwa, tukitokea mahali peupe kinawashwa, kinatafuta mbingu, kinaona tulipo, kinazimwa tena. Kona zote tulizozipanda kwa magoti na jasho, hakikuziona hata moja. Kilituona chini, kisha kikatuona juu, kikapiga mstari katikati kama rula ya mwanafunzi.

Kwa mjomba tulikaribishwa chai ya mdalasini na magimbi. Bosi akakiweka kifaa juu ya kigoda uani, kikiwa kimewashwa, kipumzike na sisi. Nyumba ya mjomba imeegemea jabali kubwa. Tulikula, tukaongea habari za bei ya ndizi, tukaongea habari za wafu, na tulipoinuka bosi akatazama kioo akatoa macho.

"Tumeongeza umbali."

"Lakini tulikuwa tumekaa," nikasema.

Alifikiri. Mkurugenzi hakosi jibu. "Dunia inazunguka," akasema.

Mjomba akakaza macho kwenye kile kidude. "Basi mimi nimetembea sana," akasema, "maana hapa sijatoka tangu nizaliwe."

Tulipofika kwenye maporomoko kifaa kilisema kilomita tatu na ushee. Bosi akaitupa ile ushee. Mimi miguu ilikuwa ikinitetemeka kama ya mbuzi mchanga. Kurudi, kwa kuwa mjomba alimpa betri za redio yake, kifaa hakikuzimwa njia nzima, na tulipofika Kinole kikasema tumeshuka kilomita karibu sita.

"Bosi," nikasema, "tumepanda tatu, tumeshuka sita. Mlima umekua tukiwa juu?"

"Kushuka mashine huteleza."

"Miguu yangu nayo inasema ni zaidi ya tatu."

"Miguu yako," akasema kwa upole wa kitaalamu, "haina satelaiti."

Miaka mingi baadaye kijana mmoja wa upimaji alinieleza yaliyotokea, bila kucheka, jambo ninalomshukuru. Kifaa cha aina ile hakihesabu hatua. Kinaokota nukta na kuziunganisha. Ukikinyima nukta, kama msituni au kikizimwa, kinakata kona na njia inafupika. Ukikiweka mahali pamoja, hasa kando ya jabali, nukta zinacheza, mara hapa, mara pale, na kila mchezo kinauhesabu kuwa mwendo. Isitoshe, wakati ule wenye satelaiti walikuwa bado wanawavurugia raia vipimo kwa makusudi, ili asiyehusika asijue mno alipo. Kwa hiyo bosi wangu alikuwa amevaa shingoni kitu kilichopewa amri na dola kubwa kisimwambie ukweli, na alikuwa akikiamini kuliko mtu yeyote wa Kinole.

Kibao kikachongwa. Herufi nyeupe juu ya rangi ya kijani: MAPOROMOKO KM 3. Chini yake, kwa herufi ndogo: kwa mujibu wa satelaiti. Kilisimikwa Kinole mwanzoni mwa njia, na watu wakaja kukisoma. Mzee mmoja aliyekuwa akipanda njia ile tangu enzi za mkoloni alikitazama kwa muda mrefu, akasema kumbe alikuwa akijichosha bure.

Kwa kuwa njia bila uzinduzi si njia, bosi akatafuta mgeni rasmi. Sijui alipita milango gani, lakini alimpata mheshimiwa mmoja kutoka Dar es Salaam, ambaye cheo chake nitakiacha kipumzike. Barua ya mwaliko niliipiga mimi. Ilisema mheshimiwa atatembea "umbali mfupi wa kilomita tatu katika hewa safi," atakata utepe kwenye maporomoko, atahutubia wananchi, atakula, na atarudi mjini mapema kwa shughuli nyingine za kitaifa. Wasaidizi wake waliisoma ile kilomita tatu wakaridhika. Kilomita tatu Dar es Salaam ni kutoka ofisini kwenda kwenye chakula cha mchana.

Basi siku ikafika. Msafara wa magari ulipanda kutokea Mkuyuni na vumbi lake. Mheshimiwa alishuka: mtu mkubwa, mchangamfu, suti ya rangi ya maziwa, viatu vyeusi vilivyong'aa kiasi cha kuona mawingu ndani yake. Namkumbuka vizuri kwa sababu alimwamkia kila mzee aliyekuwa pale, mmoja mmoja, na hakuonekana kuigiza. Akasoma kibao kwa sauti. "Kilomita tatu! Hizo hata mama mkwe wangu anatembea." Watu wakacheka. Walicheka zaidi kuliko utani ulivyostahili, na mimi nilijua kwa nini.

Kabla yake walikuwa wametangulia akina mama wa Kinole na vitu vya sherehe. Viti vya plastiki vichwani, hotipoti za pilau, jenereta, spika mbili, na sanduku la itifaki lenye utepe na mkasi. Wengine walichelewa kutwikwa mizigo wakawa nyuma yetu. Hawa walitupita kwenye kona ya pili, kila mmoja na viti vitano kichwani, wakisema "samahani, mheshimiwa," wakapotea juu.

Mwanzoni tulikuwa tukiongea. Mheshimiwa aliuliza habari za karafuu na pilipili manga, akasifu mandhari, akampa mpiga video nafasi ya kumchukua akitazama mbali. Kisha maswali yakafupika. Kisha yakabaki kichwani mwake. Koti likavuliwa, likapewa msaidizi. Tai ikafuata. Viatu vikaanza kumteleza kwenye majani mabichi, na bosi, aliyekuwa mbele na kifaa kiganjani, akawa anatangaza kwa furaha:

"Zimebaki mita mia nne tu, mheshimiwa!"

Kifaa safari hii alikuwa amekiagiza kimwonyeshe maporomoko yaliko, na chenyewe kikamchorea mshale na umbali wa mstari mnyoofu, wa kunguru anayeruka juu ya korongo. Njia ikapinda kushoto. Tukaenda, tukaenda, mheshimiwa akishika miti.

"Zimebaki ngapi sasa?"

Bosi akatazama. Akakipiga kifaa kofi dogo. "Mia nne na sabini, mheshimiwa."

Mheshimiwa akasimama. Alipumua kwanza, kwa zamu kadhaa. "Mkurugenzi," akasema, "tunakwenda au tunarudi?"

"Tunakwenda, mheshimiwa. Ni satelaiti zinajipanga."

"Ziambie zijipange haraka."

Msaidizi mmoja, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni, akasogea kwangu akaniuliza kwa siri kama kuna sehemu gari inaweza kumfuata mheshimiwa. Nikamwonyesha korongo. Akaandika kitu, sijui nini, na hakuuliza tena.

Tulifika kwa mjomba saa ambayo ratiba ilisema mheshimiwa ameshakula. Mjomba alikuwa amevaa kanzu, amefagia ua, ameweka mkeka mpya na birika. Mheshimiwa hakukaa kwenye kiti alichoandaliwa. Alikaa kwenye kinu kilicholala karibu na mlango, kwa sababu kinu kilikuwa karibu zaidi. Suti ya maziwa ilikuwa imepata rangi ya Uluguru mpaka magotini. Alikunywa maji, akamwomba mjomba mengine, akayanywa.

"Mzee wangu," akasema, "wewe ndiye mwenyeji. Niambie ukweli. Bado mbali?"

Nilimtazama mjomba kwa macho ya kumsihi. Mjomba alimtazama mheshimiwa: viatu, kitambi, uso. Huruma ikamjaa.

"Aa, hapo tu," akasema. "Ukimaliza mlima huu."

"Na baada ya mlima huu?"

"Kuna mwingine. Lakini huo mdogo."

Wakati huohuo kutoka juu ikasikika ngoma, na wimbo wa kumkaribisha mgeni ukatoka kwenye spika, safi, kila neno. Sauti ilikuwa inakuja kwa mstari mnyoofu juu ya korongo. Ungedhani ukinyoosha mkono utamgusa mwimbaji. Walikuwa wakiimba kwamba mgeni ameingia, mgeni ameingia, hodi hodi ameingia.

"Mbona wanasema nimeingia?" akauliza mheshimiwa.

"Wanafanya mazoezi," akasema bosi.

Mheshimiwa akafikia uamuzi ambao, kwa maoni yangu, ulikuwa wa busara kuliko yote ya siku ile. Njia ingezinduliwa hapo hapo alipo. Tatizo utepe ulikuwa juu, mkasi juu, viti juu, pilau juu, wananchi juu. Chini tulikuwa na mgeni rasmi tu. Mke wa mjomba akaingia ndani akatoka na kipande cha kanga, wakakifunga kwenye migomba miwili, mjomba akaleta panga. Mpiga video akasema kukata utepe kwa panga hakutaonekana vizuri kwenye taarifa ya habari. Mheshimiwa akasema yeye haoni vizuri hata sasa, wamalize. Akainuka kwenye kinu, akapiga hatua moja kuelekea kwenye migomba, kiatu kikakanyaga ganda la ndizi mbivu.

Najua. Kama ningekuwa natunga ningetafuta kitu kingine. Lakini ua ule ulikuwa wa mkulima wa ndizi, na hapakuwa na kitu kingine cha kukanyaga.

Alianguka kwa heshima, polepole, akiwa bado na panga, na kwa rehema za Mungu panga likarukia upande mwingine. Kifundo cha mguu kikavimba tukiwa tunakitazama. Wasaidizi walishika simu zao za mkononi, zilizokuwa mpya na kubwa, wakaziinua juu kama bosi anavyoinua kifaa chake. Hapakuwa na mtandao. Bosi naye, kwa mazoea, akasoma nyuzi na dakika za mahali mheshimiwa alipoangukia. Hapo ndipo mheshimiwa alipomwambia, kwa sauti ya chini ambayo mpiga video hakuinasa, akifiche kile kitu kabla hajakirusha korongoni.

Mjomba hakuhangaika. Alikwenda ukingoni mwa ua akaita, sauti ile ndefu ya milimani inayopanda mwishoni, na wanaume wakatoka migombani. Walikuja na machela. Haikutengenezwa siku ile. Ilikuwa imeegemezwa kwenye ukuta wa jirani, miti miwili iliyosuguliwa na mabega mpaka inang'aa, kamba za katani katikati, na blanketi. Niliijua. Masika yaliyopita ilikuwa imemshusha binti wa mama yangu mdogo aliyelelewa na mjomba, dada yangu mimi kwa hesabu yetu, akiwa na uchungu wa uzazi wa siku ya pili, katika mvua. Mtoto alizaliwa njiani, chini ya mti wa msufi, akiwa kimya. Mama tulimpata akiwa hai. Jambo hili sikuwa nalizungumza ofisini. Lingeandikwaje kwenye kipeperushi?

Wakamlaza mheshimiwa. Wanaume wa kwanza walipoinua, mmoja akaguna, akaomba waongezwe wawili. Tukaanza kushuka. Kwenye kila kona wenye mabega mapya walipokezana na waliochoka bila kusimama, kwa neno fupi tu, na wa mbele alikuwa akitangaza jiwe, mzizi, utelezi. Mheshimiwa alikuwa amelala chali akitazama miti. Baada ya kona kadhaa akauliza:

"Hii machela yenu mnaitumia kwa nini siku nyingine?"

"Wagonjwa, mheshimiwa," akajibu mbebaji wa upande wake wa kulia. "Na akina mama wa kujifungua."

"Njia hii hii?"

"Hakuna nyingine."

Tukapita kona nyingine. Kisha yule mbebaji, aliyekuwa kijana mkweli, akaongeza: "Ila wao huwa wepesi."

Watu walicheka, hata mheshimiwa alicheka, na machela ikayumba. Mimi nilikuwa nyuma nimebeba viatu vyake. Sikucheka sana. Tulipita chini ya ule msufi, na mke wa mjomba, aliyekuwa ametufuata, alivuta kanga yake kichwani na kutazama upande wa pili mpaka tulipoupita.

Karibu na Kinole mheshimiwa aliinua kichwa. "Barabara lazima ije huku," akasema. "Naahidi." Hakuna aliyepiga makofi. Si kwa dharau. Mikono ilikuwa imeshika miti.

Juu kwenye maporomoko walisubiri mpaka habari ilipowafikia, kisha wakafanya lililo la haki. Walikalia viti, wakawasha spika, wakala pilau yote. Akina mama walihutubia kwa zamu, na nasikia zilikuwa hotuba fupi na nzuri. Mpaka leo wanauita uzinduzi uliofana kuliko wote katika tarafa, na sababu wanayotoa ni kwamba mgeni rasmi hakufika.

Kuhusu barabara, mheshimiwa hakusahau, na hili lilinishangaza kuliko kuanguka kwake. Walikuja wapimaji. Nao walikuwa na GPS, kubwa zaidi, yenye miguu mitatu. Walilala kwa mjomba, wakala magimbi yake, wakapigilia kando ya njia vigingi vyenye rangi nyekundu vichwani, wakaondoka wakisema hatua ya pili itafuata. Yule mheshimiwa akahamishiwa kwenye cheo kingine, kisha kingine, na hatua ya pili ikabaki imekaa kwenye kile cheo cha kwanza. Mjomba alisubiri masika mawili. Halafu akafunga mbuzi kwenye vile vigingi, kwa kuwa vilikuwa vimepigiliwa vizuri na serikali haijengi kitu imara kila siku.

Ile njia yenyewe ilipata wageni, lakini wachache. Kibao kilibadilishwa namba mara kadhaa, kila bosi aliponunua betri bora, mpaka wajukuu wa kijiji walipokichukua kwenda kuezekea banda la kuku. Kampuni ilidumu mpaka simu za mkononi zilipofika kwa kila mtu. Hapo bosi akagundua kwamba kuuza vocha hakuhitaji kupanda mlima. Akashusha ramani ya dunia, akafungua duka chini, palepale kwenye vipuri. Hatukugombana. Alinipa meza, nikaipeleka nyumbani, nikaanza kupiga chapa za wanafunzi wa vyuo, na biashara hiyo ilinisomeshea watoto.

Dada yangu alipata mimba nyingine. Safari hii mjomba hakutaka kusikia ushauri wa mtu. Mwezi wa saba wa mimba alimshusha kwa miguu, polepole, wakipumzika popote alipotaka, akamleta kwangu mjini na kapu la ndizi na mfuko wa mdalasini. Dada alikaa kwangu mpaka siku yake ilipofika. Hospitali ni mtaa wa pili kutoka nyumbani kwangu. Tulikwenda tukiwa tumeshikana mikono, yeye akisimama kila uchungu ulipomjia, mimi nikisimama naye. Alijifungua msichana mwenye sauti ambayo wauguzi waliilalamikia.

Mjomba alikuja kumwona asubuhi yake. Alimshika yule mtoto juu ya kanzu yake iliyopigwa pasi, akamgeuza mikono na miguu, akamtajia watu wa ukoo wote mmoja mmoja, walio hai na waliokufa. Mtoto akamkojolea. Mjomba akasema huyo ni wa kwetu kweli, na akaomba chai.